Matone Matatu Si Maji

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za mpira, za shamba la shule, na za faida ya kuamka mapema. Leo naomba ruhusa niseme juu ya jambo la mbali kidogo, nalo ni alama moja ndogo katika maandishi ya Kichina. Najua wako watakaoguna na kuuliza, “Kichina chatuhusu nini sisi watu wa Onduparaka?” Nawasihi wavumilie mpaka mwisho, maana alama hiyo ilimtia bibi yangu hasara, na chanzo cha hasara nilikuwa mimi.

Mambo yalianza hivi. Katika likizo ya Desemba, binamu yangu anayesoma Kampala alikuja nyumbani na kitabu cha kujifunzia Kichina. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekitia Kichina katika orodha ya lugha za kigeni ambazo shule yaweza kuchagua kufundisha. Shule yetu haikukichagua, kwa hiyo nilikitazama kitabu kile kama mtoto atazamavyo ndege. Nilikiazima siku 3, wala sikuupita ukurasa wa 12. Lakini katika kurasa hizo chache nilijifunza alama 2, ya mti na ya maji, na moyo wangu ukavimba kwa majivuno.

Alama ya mti huandikwa hivi: 木. Mtu aweza kuona shina lake, tawi lake na mizizi yake. Maji yakiandikwa peke yake ni 水, lakini yakiwa sehemu ya herufi kubwa zaidi hubanwa upande wa kushoto, yakawa matone matatu tu, moja juu ya jingine: 氵. Tone la mwisho, la chini, kalamu hulipandisha juu kwa haraka. Wachina wenyewe huiita alama hiyo maji ya matone matatu.

Wiki ile ile bibi alinunua pipa la plastiki katika soko la Arua. Bibi hutengeneza kwete, pombe yetu ya mahindi na kimea, na fedha za kwete ndizo karo yangu. Pipa lilikuwa la buluu, safi, limeoshwa kwa sabuni hata likang’aa, na ubavuni palikuwa na herufi 2 za Kichina: 机油. Bibi akaniita mbele ya majirani waliokuja kulitazama pipa, akasema, “Mjukuu wangu, wewe ndiwe uliyesoma. Hebu tuambie pipa hili lilikuwa na kitu gani.”

Nikainama, nikatazama. Herufi ya kwanza ilikuwa na mti upande wa kushoto. Ya pili ilikuwa na matone matatu. Mti na maji! Nikasimama wima kama mwalimu aliye mbele ya darasa, nikajibu, “Bibi, pipa hili lilikuwa na maji ya matunda. Ni juisi.” Majirani wakanisifu. Mzee mmoja akasema kwamba karo yangu haikupotea bure.

Bibi akachanganya unga wake na kimea chake kwa maji ya moto ndani ya pipa lile. Siku ya pili tulipofunua kifuniko, tulikutana na harufu ya gereji. Juu ya kwete palikuwa na utando wenye rangi kama za upinde wa mvua. Tuliimwaga yote nyuma ya migomba, nami nikarudi shuleni wiki 2 baada ya wenzangu, kwa sababu karo ilikuwa imemwagwa pamoja nayo. Binamu yangu alipokuja aliyasoma maneno yale mara moja. Herufi ya kwanza ni mashine, ya pili ni mafuta. Lilikuwa pipa la mafuta ya injini.

Bibi hakunipiga wala hakunitukana. Alisema neno moja tu, nalo lingali likinichoma hata leo: “Ungalisema hujui, ningalilinusa mwenyewe.”

Kwa aibu hiyo nilikiazima kitabu tena, na mara hii nikakisoma kwa adabu. Nawaeleza niliyoyapata, kwa kifupi.

Herufi za Kichina ni maelfu mengi, na hakuna mtu awezaye kuzishika zote kama tunavyoshika a, e, i, o, u. Kwa hiyo tangu zamani wataalamu wao walizipanga kwa jamaa. Kila jamaa ina alama yake, na Wachina huiita alama hiyo bushou, yaani kichwa cha fungu. Mwaka 100 baada ya Kristo, mtaalamu aitwaye Xu Shen alimaliza kamusi yenye herufi 9,353, akazigawa katika mafungu 540. Baadaye mafungu yalipunguzwa. Kamusi kubwa iliyotengenezwa kwa amri ya mfalme Kangxi, ikatolewa mwaka 1716, ina mafungu 214, na fungu la maji ni la 85. Mtu akitafuta neno hutazama kwanza kichwa chake, aende kwenye fungu lake, kisha ahesabu mikwaruzo ya kalamu katika sehemu iliyobaki. Ndivyo kamusi inavyofunguka bila alfabeti.

Katika fungu hilo la maji imo mito, limo ziwa, imo bahari. Limo jasho. Limo pia chozi, ambalo siku hizi huandikwa kwa matone matatu kando ya jicho, 泪, na sidhani kama yuko mtu wa kabila lolote asiyelielewa neno hilo akilionyeshwa. Umo mchanga, 沙, ambao ni matone matatu na neno lenye maana ya uchache. Hata neno sheria, 法, lina matone matatu. Xu Shen alieleza kwamba ni kwa sababu sheria yapasa kuwa sawasawa kama uso wa maji yaliyotulia. Pombe nayo, 酒, ni matone matatu kando ya mtungi. Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa: kamusi ile ya Kangxi haikuiweka pombe katika fungu la maji, iliiweka katika fungu la mtungi. Hata wenye lugha yao iliwabidi waamue pombe ni ya jamaa gani.

Sasa mwaona kosa langu la kwanza. Matone matatu hayasemi “haya ni maji.” Yasema, “mtafute mtu huyu katika nyumba ya maji.” Katika nyumba hiyo wakaa wengi: mwenye kunyweka, mwenye chumvi, na mwenye kuua. Vivyo hivyo na alama ya mti. Mashine ya leo ni ya chuma, lakini jina lake lilitungwa zamani, mitambo ilipokuwa ikichongwa kwa mbao, na mti umebaki katika jina hata baada ya mbao kuondoka.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Herufi nyingi sana za Kichina zina pande mbili. Upande mmoja huonyesha jamaa, na upande wa pili huonyesha sauti, yaani jinsi neno linavyotamkwa. Xu Shen alipotaka mfano wa herufi za namna hii, alichukua maneno mawili ya mito, 江 na 河, yote yana matone matatu kushoto, na kulia kila moja lina sauti yake. Sasa rudini kwenye pipa la bibi. Neno mafuta kwa Kichina ni you. Kushoto lina matone matatu, na kulia lina alama 由, ambayo nayo husomwa you. Neno mashine ni ji. Kushoto lina mti, na kulia lina alama 几, ambayo nayo husomwa ji. Basi kila moja ya maneno yale mawili lilikuwa likinitajia jina lake waziwazi, upande wa kulia, nami sikuutazama upande huo. Niliona ukoo, nikadhani nimekwisha kumjua mwenyewe.

Labda mwenzangu mmoja asema, “Hayo ni matata ya Wachina.” La, ndugu yangu. Kiswahili chetu kina vichwa vyake pia, nasi twaviita ngeli. Ukiona ki- mwanzoni mwa neno, wafikiri mara moja juu ya kitu: kiti, kisu, kitabu. Ni msaada mkubwa, na mwalimu hufanya vema kutufundisha hivyo. Lakini kijana je? Na kiongozi, na kipofu, na kiranja? Wote hao wamevaa ki-, nao ni watu. Twasema kiranja amekuja, hatusemi kiranja kimekuja. Katika kidato cha 1 niliandika “kijana kimeanguka”, mwalimu akanizungushia wino mwekundu, akaandika kando: “Huyu ni mtu.” Ningalilikumbuka somo hilo siku ya pipa, kwete ya bibi ingalipona.

Hapa ndipo natoka katika maandishi na kuingia katika mambo yetu wenyewe. Sisi watu wa West Nile twajua vizuri kuliko wengi maana ya kusomwa kichwa tu. Idi Amin alikuwa Mkakwa, na kwa ukoo kwao ni Koboko. Alipoangushwa mwezi wa Aprili 1979, wako waliomtazama kila mtu wa upande huu kwa alama hiyo moja. Hawakuuliza kama mtu ni mkulima, au ni katekista, au ni mama mwenye watoto. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Ombaci, upande wetu huu huu, askari wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia humo kutafuta usalama. Wazee wetu hawasimulii sana. Lakini kila mwaka mwezi wa Juni ukifika, bibi hunyamaza siku nzima.

Lugha hii niandikayo nayo ilipatwa na jambo kama hilo. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Alipokwenda zake, wengi katika Uganda walikiona kuwa ni lugha ya askari, tena lugha ya mwenye bunduki anayedai fedha njiani. Hawakukumbuka wenye maduka, wala mabaharia, wala washairi wa Lamu na Mombasa walioitumia lugha hii miaka mingi kabla ya askari yeyote wa Uganda kuvaa buti. Waliona matone matatu wakakimbia. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na katika mtaala wa 2020 kikawa somo la lazima katika kidato cha 1 na cha 2. Hata hivyo mwanafunzi akizungumza Kiswahili kizuri, bado utamsikia mtu akimwuliza kwa kucheka kama anataka kuingia jeshini.

Wala tusidhani kwamba makosa haya ni ya watu wengine tu. Wenzangu, nawaomba tuyatazame mabweni yetu wenyewe. Tunao ndugu zetu waliotoka Sudan Kusini na Kongo, wengine wazazi wao wako katika kambi za Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi. Tunawaitaje? Mmoja huitwa “Mkimbizi”. Mwingine huitwa “Kongo”. Na si wao peke yao, maana yuko Mlugbara anayeitwa kwa jina la ukoo wake, na Mmadi, na Mkakwa, na Mnubi, kila mmoja akiitwa kwa kichwa chake, na jina alilopewa na baba yake halisikiki mpaka siku ya kuitwa majina ya mtihani. Mwaka jana shuka ilipotea bwenini. Hakuna aliyesema neno, lakini macho yaligeuka, yote kwa pamoja, kuelekea kitanda kimoja. Na yangu yaligeuka. Siku ya tatu shuka ilionekana nyuma ya jiko, imepeperushwa na upepo na kunaswa katika miiba. Tuliicheka miiba. Hakuna aliyekwenda kwenye kile kitanda kusema samahani, na mimi pia sikwenda. Mwenye kitanda aliona macho yetu yote, na mpaka leo hukunja nguo zake na kuzifungia kabla ya kwenda kunawa uso, kama mtu anayejitayarishia ushahidi.

Nikikumbuka jambo hilo naona haya kuliko nionavyo haya juu ya pipa. Kwete hutengenezwa tena. Tena sisi ndio watoto wa watu waliolala katika nyumba za wageni huko Zaire na Sudan, nao wakaitwa wakimbizi. Nani ajue zaidi kuliko sisi?

Wako watakaonijibu, “Basi wataka tusijue makabila? Ukoo ni heshima. Bila ukoo mtu ni jani lililoanguka.” Jibu langu ni kwamba nakubali kabisa. Mchina hakufuta vichwa vyake. Angevifuta, kamusi yake isingefunguka. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kufuta ngeli. Nami sitaki mtu asahau kwamba yeye ni wa Onduparaka, au wa Koboko, au wa Yei. Mgeni akifika kwetu huulizwa ukoo wake, na ni vizuri aulizwe, maana ndipo tujuapo kama kuna shangazi yake aliyeolewa kwetu. Lakini kuuliza ukoo ni kufungua kamusi kwenye fungu lake. Kazi bado haijaisha. Aliyelifungua fungu akakifunga kitabu hapo hapo, hakusoma neno lolote.

Basi natoa shauri la mambo matatu, nayo si magumu.

La kwanza nawaomba viranja. Wakati wa kuita majina bwenini, kila mmoja aitwe kwa jina lake kamili, na yeyote asiitwe kwa nchi wala kwa kabila. Si jambo la kuhitaji mkutano. Laweza kuanza jioni ya leo.

La pili latuhusu sisi tunaosoma. Tukijifunza lugha yoyote, kiwe Kiswahili au Kiingereza au hata Kichina, tujifunze kwa jamaa zake, kwa kuwa ndiyo njia nyepesi. Lakini tusiache upande wa pili wa neno. Na tukiwa hatujui, tuseme hatujui. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwenye ujinga wa hatari ni yule aliyesoma kurasa 12 na kuogopa kusema kwamba hakufika ukurasa wa 13.

La tatu nawaomba kaka zetu mliomaliza. Wengi wenu mna kazi Arua, Kampala, na mbali zaidi. Barabara ya Arua kwenda Koboko imekwisha kutiwa lami, na Wachina ndio walioitia. Watakuja wageni zaidi, na mapipa zaidi yenye maandishi tusiyoyajua. Tuleteeni vitabu na kamusi, si za Kiingereza tu. Maktaba yetu ina kamusi moja ya Kiswahili, na haina jalada.

Kuhusu pipa lile, bado lipo nyumbani. Bibi hakulitupa, bali humo huweka majivu ya kumwagia migomba. Likizo iliyopita nilichukua kipande cha mkaa, nikaandika chini ya zile herufi za Kichina, kwa Kilugbara na kwa Kiswahili, kwamba ni pipa la mafuta ya mashine. Bibi hajui kusoma. Alikuja akasimama nyuma yangu, akaniuliza nimeandika nini, nami nikamsomea. Kisha akainama, akalinusa.

Wa Kidato cha 6